Asilimia Mbili

Nilikwangua nyaya kuukuu nilizopewa na fundi Gwamaka,
nikazilowesha kwenye siki ya dukani wiki tatu,
hadi chupa ikapata rangi ya Ziwa Ngosi
na chini yake fuwele, ndogo kama chumvi ya mawe.

Ndani ya kila chembe wanakaa wawili wawili,
shaba na shaba, uso kwa uso,
wamefungwa pamoja na mikono minne ya siki.
Kila mmoja ana elektroni moja ya ziada,
pia ndogo isiyochoka kuzunguka,
na kila pia ni sumaku.

Mashine yetu hapa Iyunga ilikuja na kontena la msaada.
Umeme ukikatika, asubuhi nzima imepotea.
Kazi yenyewe ni ya kubisha hodi:
unapeleka wimbi lisiloonekana, sauti ileile,
haipandi, haishuki,
kisha unakaza sumaku polepole
kama mtu anayekaza uzi wa zeze,
mpaka mahali fulani, si kabla, si baada,
pia zile zinaitika.
Kalamu inaruka kwenye karatasi.

Katika joto la chumba waliitika vizuri.
Walikuwa na mengi.

Ndipo Ambilikile akaja kutoka Uyole na pikipiki,
kafunga nyuma mtungi wa nitrojeni
wa kuhifadhia mbegu za madume.
"Usiimalize," akasema,
"humu kuna ndama wa wilaya nzima."
Nikamimina. Ukungu ukashuka mezani,
ukatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyetu,
na kalamu
ikanyooka.

Baridi inawapatanisha hivi:
mmoja anatazama juu, mwenzie chini,
nguvu ya huyu inaimeza nguvu ya yule,
na ukibisha hodi, hakuna anayetoka.
Si ugomvi. Kimya kile nakijua.
Julai, Tukuyu, jiko la mkaa katikati,
mama anapukuchua maharage,
baba ananoa panga lililokwisha kunoleka,
na hakuna neno mpaka ugali.

Nilitaka kuzima. Sijui kwa nini sikuzima.
Nikaongeza ukuzaji mara mia moja,
na pale, sumaku ilipopita alama ya elfu tatu,
mistari minne.
Midogo. Minne, wala si saba kama ya jozi.

Kitabu kinaiita uchafu.
Ni shaba iliyokosa mwenzie fuwele ilipojengwa,
au aliyekuwapo akaondoka.
Haina wa kuinyamazisha,
na kadiri baridi inavyozidi
ndivyo inavyozidi kusikika.
Ipime, kinasema kitabu, kisha itoe kwenye hesabu.

Tangu tumzike baba, huu mwaka wa pili,
mama huamka gizani, hugeukia ukutani,
husema, "Ugonile."
Husubiri muda uleule wa kujibiwa,
hauongezi, haupunguzi,
kisha huchukua kikapu akaenda kuchuma chai.
Dada Sekela anasema apelekwe hospitali.
Mimi nilikuwa sijasema lolote.

Daktari Mwaisaka anataka ripoti Ijumaa.
Niliandika: Uchafu, asilimia mbili.
Nikafuta.
Nikaandika: Asilimia mbili wako peke yao.
Ataikata kwa wino mwekundu, na atakuwa sahihi,
ripoti si mahali pake.

Ambilikile akarudisha mtungi wake, mwepesi kidogo.
Juu ya Loleza jua lilikuwa limekwisha kazi.
Nikapiga simu Tukuyu, na kabla hajasema kitu
nikatangulia mimi: "Ugonile, mama."

Upande wa pili, mvua juu ya bati.
Mvua tu, kwa muda ninaoujua.
Kisha akauliza:
"Nani amekwambia?"